Jeli ya faluda inavyosafisha marumaru ya kale (na kwa nini asidi ya choo ibaki chooni)

FundiChokaa

Wakuu, salaam.

Naandika kabla hasira haijapoa. Wiki mbili zilizopita niliitwa na ukoo mmoja, mji wa pwani ambao siutaji, nikatazame mawe mawili ya makaburi ya wazee wao. Ni marumaru ya kweli, si hizi tailizi ambazo siku hizi nazo tunaziita marumaru. Mabamba yaliletwa kwa meli enzi za babu wa babu yao, yamechongwa maandishi ya Kiarabu, herufi zimezama unene wa kucha. Arubaini ya bibi yao ilikuwa inakaribia, wakataka makaburi yapendeze. Kijana mmoja akaenda dukani, akarudi na dumu la asidi ya kusafishia vyoo. Akalimwagia jiwe la kwanza, akafuatia na brashi ya waya.

Wananiambia jiwe "lilichemka". Povu likapanda, weusi ukaondoka, watu wakamsifu kijana. Kesho yake jiwe lilipokauka likawa kama kipande cha sukari: ukipitisha kidole, chembe zinabaki kidoleni. Jina la marehemu bado linasomeka ukilitazama kwa ubavu, jua la saa kumi na moja jioni. Mwaka wa kufa ndio basi tena.

Marumaru ni kalsiamu kaboneti. Chokaa ikishakauka ukutani ni hiyohiyo. Matumbawe, hiyohiyo. Ganda la chaza, hiyohiyo. Asidi ikikutana nayo hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na lile povu walilolishangilia lilikuwa jiwe lenyewe likienda zake.

Jiwe la pili hawajaligusa. Hilo ndilo nililoitiwa, na ndilo linalonifanya nifungue uzi huu, maana nimechoka kueleza kwa simu mtu mmoja mmoja.

Mimi ni fundi chokaa. Nilipata bahati ya kukaa miezi kadhaa kwenye karakana moja Italia, kazi yangu kuosha mawe. Nilifika nikidhani nitaonyeshwa dawa kali ya Wazungu. Siku ya kwanza nikakabidhiwa sufuria, mwiko na kipimajoto, nikaambiwa pika uji.

Uji wenyewe watu wa Mombasa na Unguja mnaujua: faluda. Ule uzi mweupe wa chaina grasi unaoulowesha, ukauchemsha na maziwa na hiliki, ndiyo agari. Hutolewa kwenye mwani mwekundu, na ndiyo hiyohiyo ambayo maabara za hospitali huoteshea vijidudu. Agari ina tabia moja ya ajabu. Haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzi 85 au 90, lakini ikishayeyuka haigandi mpaka ishuke kwenye 40 hivi. Katikati hapo una uji unaopakika kwa brashi. Unaupaka juu ya nakshi, unaingia kila kishimo, unaganda hapohapo. Gramu 2 hadi 4 za agari zinatosha kuyafunga maji mililita 100. Maji hayatiririki. Jiwe linayavuta kidogo kidogo, uchafu unaoyeyuka unapanda kuingia kwenye jeli, na baada ya nusu saa au saa unabandua lote kama ganda la yai la kuchemsha. Upande wa ndani unakuta umekuwa kahawia kama chai ya rangi.

Kwa nini maji matupu yasafishe? Kwenye miji iliyochoma makaa ya mawe kwa karne nzima, moshi wenye salfa huigeuza ngozi ya marumaru kuwa jasi, na jasi inapoganda inameza masizi. Ndilo lile gamba jeusi unaloliona chini ya pua na kidevu cha sanamu za Ulaya, pale mvua isipofika. Sasa, lita ya maji huyeyusha jasi gramu 2 na ushei. Marumaru yenyewe, katika lita hiyohiyo ya maji safi, ni miligramu 14 tu. Yaani ukiyapa maji muda, yenyewe yanajua lipi la kuchukua na lipi la kuacha.

Sasa mtauliza si ufungulie bomba tu? Bomba linalowesha ukuta mzima. Vyuma vilivyofichwa ndani vinaota kutu, chumvi zinaamka, na baada ya mwezi una matatizo matatu ambayo hukuwa nayo. Jeli inakuwezesha kulowesha mahali padogo kama kiganja, jirani yake pakabaki pakavu.

Maswali yaje.

Chungu_Mtungi

Kiti nimeweka. Kahawa na kashata zipo. Endeleeni.

BwanaTailizi

Mkuu FundiChokaa, nakuheshimu, ila hapa umetupigia ushairi. Mimi nina kakampuni kangu ka usafi, mashine ya presha moja na vijana sita. Ukuta wa mita za mraba 200 nausafisha siku mbili na jioni tunakula kuku. Wewe na sufuria yako utamaliza lini, na nani atakulipa? Halafu asidi hiyo mbona nchi nzima inaitumia chooni na sijaona choo kilichoyeyuka?

FundiChokaa

BwanaTailizi, nianze na choo. Kigae cha choo ni udongo uliochomwa tanuri ukapakwa kioo, kaboneti hamna humo, asidi inateleza tu. Ila hebu kaangalie mistari ya saruji katikati ya vigae kwenye choo kilichooshwa kwa asidi miaka kumi. Imebonyea, sivyo? Imeliwa.

Ukuta wa mita 200, hapo hatuna ugomvi. Sijawahi kupaka jeli kwenye ukuta wa namna hiyo na sitapaka. Jeli ni ya herufi, uso wa sanamu, nguzo yenye nakshi, mahali ambapo ukipoteza nusu milimita umepoteza kazi ya mtu. Na ni kweli ina gharama, tena kubwa. Agari si bei. Kinacholiwa ni siku za mtu aliyepiga magoti mbele ya jiwe.

Usidhani ni asidi tu inayoharibu. Jumba la makumbusho la Uingereza, British Museum, 1937 hadi 1938, mafundi wa ukumbi mpya uliofadhiliwa na Lord Duveen walizikwangua baadhi ya sanamu za Parthenon, lile hekalu la kale la Wagiriki kule Athens, kwa vyuma vya shaba na unga wa kusagia ili ziwe nyeupe. Zile zilikuwa na ngozi ya rangi ya asali iliyojijenga kwa karne na karne. Ikakwanguliwa pamoja na alama za patasi. Mpaka leo wakitajwa Waingereza na sanamu zile, Wagiriki hawasahau kulitia hilo chumvi. Na hakuna aliyemwaga hata tone la asidi.

Mwalimu_Kemia

Kijana, maelezo mazuri, nakupa alama. Lakini umeruka hatua mbili, na mwanafunzi wangu wa kidato cha nne angekubana.

Kwanza, maji matupu yanatosha pale gamba ni jembamba. Gamba nene la miaka mia haliondoki kwa maji ndani ya saa moja, ndiyo maana watu hutia kitu ndani ya jeli. Amonia kaboneti ni mojawapo: inaigeuza jasi kuwa kalsiamu kaboneti, na salfeti inaondoka kama amonia salfeti inayoyeyuka upesi. Hesabu safi kabisa ubaoni. Lakini hiyo amonia salfeti nayo ni chumvi, usipoisuuza umemwachia mwenye jiwe chumvi mpya. Nyingine ni kemikali iitwayo EDTA, na hapa ndipo wengi wanaumia. EDTA inaikamata kalsiamu. Haiulizi kalsiamu hiyo ni ya jasi au ya marumaru. Ukiisahau juu ya jiwe ukaenda kula, unarudi imekula vyote viwili.

Ile mchanganyiko maarufu ya AB57, iliyotengenezwa na Paolo na Laura Mora kwenye taasisi ya urejeshaji ya Roma miaka ya 70, ina vitu hivyo: baikaboneti mbili, ya amonia na ya sodiamu, EDTA, na selulosi ya kuifanya nzito kama gundi ya karatasi. Ndiyo iliyotumika dari ya Sistine, lile kanisa dogo la Vatikani alilolichora Michelangelo, miaka ya 80, na kelele zake zilifika mbali: wengine walisema Michelangelo amerudishiwa rangi zake, wengine wakasema amechunwa.

Pili, na hili ndilo zito. Umesema maji "yanajua lipi la kuchukua". Je, kama jasi ndiyo iliyoshika umbo? Jasi haikuja kukaa juu ya marumaru kama vumbi juu ya kabati. Imetengenezwa kutokana na marumaru hiyohiyo. Kuna mahali jiwe la chini limeshalegea, na ncha ya pua unayoiona ni ya jasi tupu. Ukiiyeyusha jasi, kwa jeli, kwa maji, hata kwa dua, pua inaondoka nayo. Hapo maji yamechagua nini?

FundiChokaa

Mwalimu, shikamoo. Umenikamata, na nimekamatika pabaya.

Ni kweli nililiandika kama vile maji yana akili. Hatua ambayo sikuitaja, na karakana ile walinipigia kelele kwa ajili yake, ni kwamba kabla ya kupika chochote unagonga. Kwa ukucha, taratibu, jiwe zima, unasikiliza. Palipo wazi ndani pana sauti ya debe. Pale hupaki kitu mpaka pameimarishwa, na wakati mwingine hupaki kabisa. Wao walikuwa na taa ya pembeni na hadubini. Mimi hapa nyumbani nina tochi ya simu na ukucha.

Kuhusu EDTA, nilishaitumia mara moja nikisimamiwa. Dakika zilihesabiwa na mtu aliyeshika saa mkononi. Peke yangu siitumii, na asiyesomea asiijaribu kwa sababu ya uzi huu.

BintiJambiani

Kaka FundiChokaa, hapo kwenye mwani umenigusa. Mimi ni mkulima wa mwani, mama yangu alikuwa katika wanawake wa mwanzo kufunga kamba hapa kwetu. Miaka yote tunakausha, tunafunga viroba, mnunuzi anakuja anataja bei yake, tukiuliza unakwenda kufanya nini tunaambiwa vipodozi na dawa ya meno. Sasa kama mwani unasafisha makumbusho ya Ulaya, mbona hatujaambiwa? Na je, huu wa kwetu naweza kuuchemsha nikaujaribu kwenye baraza letu la zamani?

FundiChokaa

Dada BintiJambiani, baraza liache kwanza nikueleze.

Mwani wa aina mbili mnaolima, spinosamu na kotoni, hautoi agari. Unatoa jeli nyingine iitwayo karajina. Ni ndugu, wote ni mwani mwekundu, lakini baba mmoja mama tofauti. Agari hutoka kwa mwani mwingine, gelidiamu na grasilaria. Karajina ya spinosamu inaganda laini, kama mtindi. Ya kotoni inaganda ngumu zaidi, lakini ili iwe ngumu hutaka iongezewe chumvi ya potasiamu. Na chumvi ndicho kitu cha mwisho unachotaka kukipeleka kwenye jiwe la pwani. Mwani mliouanika wenyewe umejaa chumvi ya bahari. Ukiuchemsha na kuupaka barazani, umelilisha baraza chumvi ya kutosha kulipasua ngozi kwa misimu kadhaa.

Agari inayotumika kwenye mawe imeoshwa na kusafishwa mpaka imebaki unga mweupe. Hata ile ya faluda dukani sipendi sana, huwezi kujua imetiwa nini.

BintiJambiani

Nimekuelewa. Kotoni kwetu yenyewe ni kama imekwisha, maji yamekuwa ya moto, inaoza kwenye kamba, wenye uwezo wanaifuata kwenye kina kirefu na maboti. Sisi wa miguu tumebaki na spinosamu, na bei yake ndiyo hiyo. Ila hiyo grasilaria mbona naiona imejiotea tu kwenye mikoko? Basi, si mada yako. Endelea.

FundiChokaa

Ni mada nzuri dada, ila si ya fundi chokaa. Ningependa sana mtu wa chuo cha sayansi za bahari aisome.

Chungu_Mtungi

Wakuu, kuna mtu aliwahi kuniambia Italia wanawapa bakteria sanamu wazile. Ni stori za kijiweni au kweli?

FundiChokaa

Kweli kabisa, tena kisa chake kina harufu.

Firenze kuna kanisa la San Lorenzo, na ndani yake chumba cha makaburi ya Medici, ukoo uliotawala mji huo, alichokichonga Michelangelo. Mwaka 1537 Alessandro de' Medici aliuawa. Maiti ikaingizwa kwenye kaburi la marumaru la baba yake, na inasemwa haikutolewa matumbo inavyotakiwa. Majimaji yake yakapenya jiwe. Karne karibu tano, doa lipo. Waliwahi kusafisha kwa kila kitu mnachokijua na likabaki.

Wakaja watafiti wa bakteria. Wakawapima aina kadhaa kuona yupi anapenda kula mafuta, protini na fosfeti za namna ile na hapendi marumaru. Mmoja aliyefaulu anaitwa Serratia ficaria SH7. Wakamchanganya kwenye jeli, wakaipaka juu ya doa, wakaiacha ale, wakabandua. Habari ilitangazwa dunia nzima 2021. Hapa mnaona jeli inafanya kazi nyingine kabisa: bakteria akiachwa mkavu anakufa, akiachwa kwenye maji anatembea asikotakiwa. Ndani ya jeli ana chakula chake, maji yake, na hana pa kwenda. Shamba lenye uzio.

Chungu_Mtungi

Yaani maiti ya 1537 imeliwa 2020. Kahawa imenishinda.

MpigaBoksi

Wakuu, nipo Milano miaka tisa sasa, boksi za kila aina nimepiga. Nilishawahi kubeba mabomba ya jukwaa la ujenzi pembeni ya Duomo, kanisa kuu la hapa, kwa miezi miwili, kwa hiyo sina utaalamu lakini macho ninayo.

Lile kanisa lilianza kujengwa 1386 na halijawahi kuisha kutengenezwa. Taasisi inayolitunza ni ya 1387 na bado inafanya kazi hadi kesho. Marumaru yanatoka Candoglia, karibu na ziwa Maggiore, yana rangi ya pinki kwa mbali, na zamani yalikuja kwa mitumbwi mikubwa kupitia mifereji hadi katikati ya mji. Mawe yalipigwa alama ya AUF ili yasitozwe ushuru njiani, na wenyeji wanasema ndipo ulipotoka msemo wao "a ufo", yaani cha bure. Mbongo yeyote angeipenda hiyo alama.

Nje wanatumia vitu vingi, nimeona wanapuliza unga laini, nimeona na leza. Ya jeli nilisikia ni ndani. Ndugu FundiChokaa, kwa nini ndani?

FundiChokaa

MpigaBoksi, asante. Ndani ni kwa sababu uchafu wa ndani si ule wa mvua na moshi wa viwanda. Ni mishumaa, vumbi, pumzi za mamilioni ya watu, na nta au mafuta waliyopakwa mawe zamani. Tena huwezi kumwaga maji kichwani mwa waumini. Watafiti wa Milano walichapisha 2014 jinsi walivyoandaa njia ya agari kwa mawe ya nakshi ya ndani ya Duomo hiyohiyo. Hakuna harufu, hakuna sumu, hakuna maji sakafuni, na mabaki unayatupa kama maganda ya ndizi. Misa inaendelea upande wa pili.

Leza nayo ni nzuri, nimeiona: mwale unalipua masizi na kuacha cheupe. Bei yake inatosha kununua daladala, na sina hakika ni daladala moja.

Mwambao

Ndugu yangu, nakusoma toka juzi kutoka upande huu wa Lamu, na natoa shukrani. Lakini yakhe, twaomba uteremke kutoka Milano uje pwani. Weusi wa kuta zetu si masizi wala jasi. Huku hatukuwa na viwanda vya makaa. Kwaruza weusi wa ukuta wa matumbawe, utie maji, siku ya pili waona kijani. Ni viumbe hai: mwani mdogo, kuvu, ukungu wa mawe. Sasa wewe wataka kuwapelekea maji ya uvuguvugu yaliyofungwa ndani ya chakula cha maabara! Si ndio mwaliko wa harusi huo?

Na la pili, chumvi. Ukuta wa matumbawe wavuta chumvi kutoka chini, kutoka hewani, kutoka kwa mchanga wa pwani uliochanganywa na chokaa na fundi mvivu. Waulowesha leo, wabandua jeli yako, wafurahi. Wiki ijayo ukikauka chumvi zatoka nje na kupasua ngozi. Wazee wetu hawakusafisha. Walipaka chokaa juu, mwaka hata mwaka. Ukuta mweupe, umepumua, umekwisha.

FundiChokaa

Mwambao, hapo umesema yote na sina ninaloweza kupunguza. Ukuta wa kawaida wa matumbawe dawa yake ni chokaa, na mimi ndiyo inayonilisha. Nikija Lamu na sufuria ya agari kusafisha ukuta wa nyumba, nifukuzwe kwa fimbo.

Lakini kuna matumbawe na matumbawe. Kuna lile gumu la kujengea, na kuna lile laini linalochimbwa baharini likiwa bichi, linachongeka kama muhogo, kisha likigusa hewa linakuwa gumu. Hilo ndilo la mihirabu na maandishi. Pale msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, pana maandishi ya Kikufi, ule mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Hayo huwezi kuyapaka chokaa kila mwaka, herufi zitazibwa zote. Je, uyaache tu? Uyasugue? Mahali kama hapo ndipo jeli inastahili angalau kuzungumzwa, mbele ya wenye mamlaka na wenye msikiti, si kwa fundi kujiamulia.

Na chumvi, umenena. Kwa jiwe lenye chumvi kitu cha kwanza si kusafisha. Unabandika majimaji ya karatasi, yaani karatasi iliyolowekwa ikapondwa kama kisamvu, unaiacha ikauke juu ya jiwe ivute chumvi, unabandua, unarudia. Karatasi inafaa kwa sababu inakauka na kuvuta. Jeli inafaa kwa sababu haikauki upesi. Ni kazi mbili zinazopingana na watu wanazichanganya.

Kuhusu ukungu, agari ikibaki kwenye vishimo kweli inakuwa chakula. Ndiyo maana baada ya kubandua unapita na pamba yenye maji safi, kishimo kwa kishimo, na unarudi kuangalia baada ya wiki, na baada ya masika.

Mwambao

Basi tumepatana. Mola akuhifadhi.

Juma_wa_Bomani

Mkuu mimi nataka mapishi tu. Kipimo, moto, dakika. Nina bamba dogo la marumaru la babu, limevunjika vipande viwili, halina thamani kwa mtu mwingine.

FundiChokaa

Kwa kuwa ni lako, limeshavunjika, na halina rangi wala dhahabu, sawa. Sikiliza lakini.

Maji usichukue ya bomba, yana kalsiamu na klorini. Tumia maji ya betri, yale ya kuongezea yanayouzwa vituo vya mafuta. SOMA CHUPA. Kuna chupa nyingine inafanana nayo na ndani ni asidi ya betri, na hapo tutarudi kwenye hadithi ya kaburi. Gramu 3 za agari safi kwa mililita 100. Chemsha polepole ukikoroga, acha ipoe igande, kisha ichemshe tena mara ya pili. Mara ya pili ndiyo inayoifanya iwe sawasawa, sijui kuieleza vizuri zaidi ya hapo, ila mkononi utaisikia tofauti. Subiri kipimajoto kishuke 45 hivi. Paka kwa brashi laini unene wa chapati, mahali pasipoonekana, pakubwa kama sarafu. Dakika 10. Bandua. Tazama upande wa ndani wa jeli kabla hujatazama jiwe: ukiona chembe nyeupe zinazong'aa, umeng'oa jiwe, acha. Ukiona kahawia au kijivu, suuza kwa pamba, subiri siku mbili likauke kabisa ndipo uamue. Jiwe lililolowa linadanganya, kila jiwe likiwa limelowa ni zuri.

Michoro ya miambani, kama ile ya Kondoa, isije ikamwingia mtu akilini. Rangi pale haijafunikwa na kitu. Kinachobanduka ni mchoro.

BwanaTailizi

FundiChokaa, turudi kwangu. Nimesoma kimya. Nina mteja mwenye nyumba ya zamani, ngazi saba zinazopanda barazani, nyeupe zenye mistari ya kijivu. Kazi ni Jumamosi. Nimeshanunua madumu mawili. Nitajuaje kama ni marumaru ya kweli au ni kigae?

FundiChokaa

Tafuta ukingo wa chini kabisa, nyuma, asipokanyaga mtu. Tone moja la siki, si zaidi. Weka sikio. Kisha futa na maji upesi. Na usimwambie mwenye nyumba unafanya jaribio, mwambie unakagua.

Ukimaliza hilo, angalia kingo za ngazi. Kigae kina ukingo mkali wa kiwandani. Marumaru iliyokanyagwa miaka mia ina bonde katikati, mahali nyayo zote zilipopita.

Mwalimu_Kemia

FundiChokaa, na jiwe la pili la kaburi? Umetufungulia uzi kwa ajili yake na hujasema liliishia wapi.

FundiChokaa

Mwalimu, nililigonga lote asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Theluthi ya juu ilitoa sauti ya jiwe. Sehemu ya chini, kwenye mistari miwili ya mwisho, ilitoa sauti ya debe. Nikapaka jeli kwenye kona moja ya juu, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Ilitoka na kijivu na kijani kidogo, chini yake jiwe likawa na rangi ya maziwa. Ukoo mzima ulikuwa umesimama nyuma yangu, sikusikia mtu akipumua.

Nikawaambia naweza kufika hadi mstari wa nne. Chini ya hapo weusi ndio ulioshika herufi, na sina dawa wala vifaa vya kuziimarisha. Wakatoka pembeni wakazungumza. Mama mmoja mtu mzima, mtoto wa marehemu, akaja akaniambia niache kama lilivyo, kona ile inatosha. Akasema juu jeupe chini jeusi itaonekana kama tumemvua baba kanzu nusu.

Nikasuuza ile kona nikafungasha. Nitapita tena baada ya masika kuiangalia. Lile la kwanza wamelijengea kibanda cha makuti lisipigwe na mvua, na kijana aliyelimwagia asidi ndiye aliyepanda juu kuezeka.

BwanaTailizi

Taarifa kutoka kwenye ngazi. Siki imetoa povu, nimesikia kabisa, ssss. Bonde katikati lipo. Nimemwambia mteja tutatumia maji, sabuni laini na vitambaa, na bei imeshuka, kanuna kidogo lakini kakubali.

Madumu nimeyarudisha dukani. Wamekataa kuyapokea.

Chungu_Mtungi

Mkuu, nina vyoo viwili hapa nyumbani. Unauzaje?